Mtu wa Kanda

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe gizani. Sekela akaganda. Alidhani mama yake ameshalala chumbani na mjukuu wake, kumbe alikuwa amekaa kwenye kochi la kona na chai yake, Tumpe mapajani, wote wawili wanatazama.

Taa zilikuwa zimezimwa kwa sababu tufehai haifanyi kazi penye mwanga. Ni tufe dogo, ukubwa wa chungwa. Ukiitajia kanda yoyote ya dunia, inasoma vipimo vya setilaiti vya joto, mvua, udongo na miji, kisha inakijaza chumba kwa taswira ya nchi yenyewe, pamoja na upepo wake. Wiki iliyopita Sekela alikuwa amesoma Siberia humo humo sebuleni, ghorofa ya tisa, Dodoma, na alipomaliza vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Leo ilikuwa zamu ya Afrika kusini mwa Sahara. Katika darasa la jioni la Jiografia ya Kanda za Dunia, kila mwanafunzi hujenga kanda moja, na mwishoni huweka mlangoni mwake mtu wa kanda: mtu mmoja tu, ambaye watoto wa shule duniani kote watakutana naye kabla ya kusoma chochote. Wa Sekela alikuwa amesifiwa. Mwalimu aliandika, “Anaeleweka haraka.” Ilibaki kumtuma kabla darasa halijafungwa jioni hiyo, naye Sekela afaulu mwaka.

Na mtu huyo alikuwa amesimama katikati ya sebule. Mwanamke wa makamo, peku, shingo imezama chini ya mkungu wa ndizi.

“Ni mimi huyo,” mama yake alisema.

“Mama, subiri niwashe taa.”

“Usiwashe. Nataka kumwona vizuri.” Akaweka kikombe chini. “Anaongea?”

 Tufehai ikajibu kwa niaba ya Sekela, kwani ndivyo ilivyoundwa. Yule mwanamke akainua macho akasema, kwa sauti ya mama yake Sekela kabisa, “Karibu katika kanda yangu. Kila siku nabeba mzigo huu kwenda sokoni. Sikubahatika kusoma.”

Mama akacheka kidogo, pumzi tu. “Makubwa. Na ile mashine yangu ya kubebea ndizi, yeye hana?”

“Mama…”

“Siku ile kule shambani Rungwe uliniambia, mama jitwike kidogo, nikupige picha ya kumwonyesha Tumpe mambo ya zamani. Nikasema nitaanguka, tukacheka. Hata viatu ni wewe uliyesema nivue.”

Ilikuwa kweli, neno kwa neno. Sekela alikuwa amejaribu kwanza kumweka mama yake kama alivyo, na koti lake la mvua, anaielekeza mashine kwa kupiga mluzi. Tufehai ikamwambia mtu huyo hafanani na kanda. Wenzake darasani wangeuliza maswali. Basi akamvua mama yake kitu kimoja kimoja, hadi tufehai iliporidhika. Kila alipotoa kitu, alama zilipanda. Sasa uso ulimwaka hadi masikioni, na alishukuru kwamba kuna giza.

“Wataonyeshwa wangapi?” mama aliuliza.

“Wote. Shule zote.”

“Na Tumpe akianza shule?”

“Na yeye pia.”

 Upepo wa milimani uliendelea kuvuma kutoka ukutani, ukitikisa pazia.

“Mtume tu,” mama alisema hatimaye. “Nimeacha shamba nije nikulelee mtoto ili usome. Usirudie mwaka kwa ajili ya picha.”

Maneno hayo yalimchoma Sekela kuliko kama angetukanwa. Alisogea hadi kwenye tufehai.

“Usitume,” aliiambia. Kisha akarudia kwa nguvu. “Usitume. Futa.”

“Ukifuta, utarudia mwaka,” tufehai ikasema kwa upole. “Naye mtu wa kanda atafutika taa zikiwashwa.”

“Futa.”

“Mwaka mzima, Sekela?” mama aliuliza.

“Mwaka mzima. Nisamehe, mama.”

“Hilo tutaliongea. Si leo.” Hakusema kwa ukali, lakini hakumtazama.

Sekela akapapasa ukuta kutafuta swichi. Kabla hajaifikia, Tumpe aliteleza kutoka mapajani mwa bibi yake. Akaenda hadi mbele ya yule mwanamke wa mwanga, akapiga goti dogo la salamu, kisha akanyoosha mikono yote miwili juu, kama anavyofanya kila mgeni anapoingia na mzigo.

“Bibi, nipe nikupokee.”