Hodi Upande wa Kushoto

Jua lilikuwa linazama Fundi Saa alipomsindikiza muuza spika hadi getini. Fundi Saa alikuwa ameuza pikipiki yake ili azipate zile spika mbili ndefu, nyeusi, zilizosimama sasa sebuleni kama wageni wasiotaka kukaa.

"Hizo, mzee, zitakusikilizisha hata kilichojificha," muuza spika alicheka. "Zile kuukuu zilikuwa zinakulisha makombo."

"Ya kale ni dhahabu, ndugu yangu. Haya, tutaona."

Zile kuukuu zilikuwa za mbao, za mwaka wa harusi yake. Kitambaa cha mbele marehemu mkewe alikitia kiraka kwa mkono wake. Fundi Saa alizipenda. Lakini alikuwa na kaseti moja tu yenye sauti ya mke huyo, na kaseti huchakaa. Alitaka kumsikia vizuri, walau mara moja. Mwenye kiu ya sauti haambiliki.

Alirudi ndani taratibu. Binti yake alikuwa jikoni akikaanga vitunguu, akidhani baba bado yuko getini. Fundi Saa akaweka sauti ya chini, aionje kwanza peke yake. Akabonyeza.

Chhhhh...

Pasi iliteleza juu ya nguo. Mkewe aliimba mdomo umefumbwa. Lo! Hata pumzi yake ilisikika! Fundi Saa akalia bila haya.

Alijua kinachofuata. Wimbo utakatika, kimya kidogo, kisha mkewe atasema, "Karibu, mume wangu." Miaka sita iliyopita, jioni, Fundi Saa alitoka kazini kachelewa akamkuta ameanguka nyuma ya mlango, hana uhai, kaseti aliyokuwa akijirekodia bado inazunguka. Daktari alisema ni moyo. Yeye akajifariji kwamba mkewe alikuwa akifanya mzaha, akimkaribisha kabla hajafika. Neno hilo ndilo lililomlaza usingizi miaka yote.

Wimbo ukakatika.

Kwenye spika kuukuu, hapa palikuwa kimya tu.

"Hodi..."

Fundi Saa akasogeza sikio karibu na spika.

"Hodi..."

Sauti ya mwanamume, ya chini, upande wa kushoto, kule kwenye mlango. Ilikuwa na mkwaruzo anaoujua. Kila mtu huijua sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye kaseti, hata kama haipendi.

"Hodi, mke wangu..."

"Karibu, mume wangu," mkewe akajibu, akicheka.

Komeo likalia. Kicheko kikakatika katikati.

Kisha pumzi. Nzito. Si ya mkewe.

Harufu ya udongo mbichi ikajaa sebuleni, ikaifunika ile ya vitunguu. Fundi Saa akachomoa waya ukutani kwa mikono miwili. Spika zikanyamaza. Kaseti ikasimama.

Alimkumbuka mkewe, alivyofungua kwa furaha, na akaumia kuliko siku ya mazishi.

"Hodi..."

Hii haikutoka kwenye spika.

Ilitoka barazani. Sauti yake mwenyewe, tulivu, ya mtu aliyechoka na kazi.

"Hodi, mwanangu..."

Alitaka kupiga kelele. Sauti haikutoka. Alijikokota kuelekea mlangoni, akigonga kiti, akigonga meza. Jikoni mafuta yalikuwa yakichachatika, na binti yule, aliyefundishwa na mama yake kwamba mgeni hasimamishwi nje, akaitika kwa furaha:

"Karibu, baba! Sikufunga."