Fomu Ishirini za Jengo Letu

Kila siku ya shule, Chiriku alirudi nyumbani saa tisa na nusu. Lifti ya jengo lao ilikuwa mbovu tangu walipohamia, kwa hiyo alipanda ngazi hadi ghorofa ya tano, akavua koti zito, akabandika birika. Mama yake alifuata baadaye, na Chiriku alimtambua kwa hatua zake. Mama alipanda ghorofa tatu kwa mkupuo mmoja, akasimama kuhema, kisha akaburuta miguu ghorofa mbili zilizobaki.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Chai ipo?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza kila siku. Alfajiri mama alisafisha ofisi, asubuhi akaenda darasani, jioni akasoma vitabu vinene hadi macho yakawa mekundu. Walikuwa ugenini kwa mwaka mmoja. Kwao, mama aliongoza kikundi cha maigizo kilichosifiwa sana jukwaani, lakini kikundi hicho kilivunjika. Hakukuwa na mtu aliyejua kupanga ratiba, kuandika mikataba wala kuvuta watazamaji. Mama alipopata ufadhili wa kusomea biashara na uongozi wa sanaa nchi za mbali, alimchukua binti yake wakaondoka.

"Kumbe kuigiza malkia ni rahisi," alizoea kutania. "Kazi ni kuwaongoza waigizaji wanne."

Muhula huo mwalimu wa mama aliwapa wanafunzi watano kazi moja. Mtaani kwao palikuwa na ukumbi mdogo wa maigizo ambao majirani hawakuingia. Walitakiwa kuwauliza watu sababu, kisha waandae onyesho la kujaribu dawa yake. Mama ndiye aliyechaguliwa kuongoza.

"Nimebakiza fomu ishirini za jengo letu," alisema siku hiyo, akijishika kiuno. "Ila leo miguu hainibebi."

"Nipe mimi," Chiriku alidakia. Hakuitwa Chiriku bure. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na maneno ya mtu wa arobaini. "Mimi naamkiana na kila mtu humu."

Mama alisita, kisha akampa. "Andika wanachosema wao, hata wakikutukana."

Chiriku alianzia ghorofa ya chini. Aligonga mlango wa kwanza, kimya. Wa pili alifungua muuguzi aliyevaa sare, akaomba arudi siku nyingine kwani alikuwa akitoka kwenda zamu. Wa tatu mbwa alibweka mpaka akakimbia. Wa nne alikuwamo mzee mmoja, fundi saa aliyestaafu.

"Karibu ukae, mjukuu wangu. Jibu langu ni refu," alisema mzee.

"Nitarudi, Babu," Chiriku alijibu. Hakurudi.

Alikaa kwenye ngazi. Magoti yalimuuma, na fomu zote ishirini zilikuwa tupu. Akatoa kalamu akaandika: *Sijaona tangazo.* Fomu ya pili, vivyo hivyo. Alibadili mwandiko, akabadili kalamu, akakosea tahajia makusudi. Moja akaandika kwamba viti vya ukumbi vinauma mgongo, ili zisifanane mno.

"Umemaliza zote?" Mama alimkumbatia. "Umenitua mzigo, mwanangu." Chiriku alitazama pembeni.

Kwa kuwa jengo lao lilikuwa jirani kabisa na ukumbi, mama na wanafunzi wenzake waliyategemea zaidi majibu ya jengo hilo. Watu wazima watano walishinda siku tatu kwenye baridi wakibandika matangazo kila ukuta. Vidole vya mama vilipasuka kwa baridi na gundi.

Ijumaa, saa moja jioni, onyesho lilianza. Ukumbi ulikuwa na viti mia moja na ishirini. Waliokuja ni watu kumi na mmoja, na wanne kati yao ni wanafunzi wenzake mama.

Meneja wa ukumbi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, aliwapa mikono. "Bodi inakutana Jumatano," alisema. "Huenda tukafunga."

Walipofika nyumbani, mama aliketi na koti lake mwilini. "Labda sina kipawa cha kazi hii," alisema polepole. "Kikundi changu kilinifia mikononi. Sasa naua ukumbi wa watu."

Chiriku alishindwa kuvumilia. "Mama, si wewe. Zile fomu nilizijaza mwenyewe."

Mama aliinua kichwa. "Zote?"

"Zote."

"Hata ile ya viti?"

"Hata ile ya viti."

"Ndiyo niliyoipenda," mama alisema, na uso wake haukujua kama ucheke au ulie. Akavua koti. "Kesho utamwambia meneja kwa mdomo wako."

Jumamosi asubuhi Chiriku alisimama mbele ya meneja na wanafunzi wote, akasema alichofanya. Mmoja wao alimwonyesha viganja vyake. "Gundi hii haijatoka bado!" alifoka. Chiriku aliomba radhi. Meneja alishusha pumzi. "Basi mna siku nne," alisema.

Mchana huo na kesho yake, mama na binti waligonga milango yote ishirini.

"Matangazo nimeyaona, mmebandika hadi kwenye mapipa ya taka," alisema muuguzi. "Lakini mnaanza saa moja, na hiyo ndiyo saa ninayoingia zamu." Dereva wa basi wa ghorofa ya pili alisema vilevile, na wengine saba baada yake. Fundi saa aliongea saa nzima, na mwisho wa hadithi yake ukawa huu: magoti yake hayawezi ngazi za mlango wa mbele.

Ilionekana kwamba nyuma ya ukumbi palikuwa na mlango mpana usio na ngazi, uliofunguliwa tu wakati wa kuingiza mapambo ya jukwaa.

Jumatano mama aliieleza bodi yote hayo. Katika ripoti yake aliandika pia kwamba majibu ya kwanza yalikuwa ya uongo, na kwamba yeye kiongozi hakuyahakiki. Mwalimu alimpunguzia alama, ila alifaulu. Bodi iliwapa miezi mitatu ya kujaribu.

Jumapili iliyofuata, onyesho lilianza saa tisa alasiri, mlango wa nyuma ukiwa wazi. Waliingia watu sitini na watatu. Fundi saa alikaa mstari wa mbele. Muuguzi, aliyetoka zamu asubuhi, alisinzia kabla mchezo haujafika katikati.

Watu walipoanza kutoka, mama alimvuta Chiriku karibu. Wote wawili walikuwa hoi.

"Ulipojaza zile fomu uliwanyang'anya watu ishirini nafasi ya kusema," alisema. "Mimi nami nilichoka, nikapokea kazi bila kuuliza imefanywaje. Kuchoka si kosa. Mtu akichoka aseme nimechoka, kazi sijamaliza. Lakini asimjibie mtu ambaye hajamuuliza."

"Nimeelewa, Mama."

"Haya, nenda ukamuulize muuguzi kama mchezo umempendeza." Mama alimtazama muuguzi aliyelala kitini, akatabasamu. "Ila msubiri aamke mwenyewe."