Mfumo Uliokuwa Mwepesi Mno

"Komba, maziwa yamechachuka. Yamwage kabla ya saa sita mchana."

Sauti ikakatika.

Tu Hsiu-chin alipunguza sauti ya redio iliyofichwa ndani ya saa yake ya Casio, akaongeza mafuta. Pikipiki yake ya SYM ikapenya katikati ya malori ya samaki na kuingia mtaa wa nyuma. Jiji zima la Tainan lilinuka mvua.

Amri aliielewa: Komba ni yeye, na maziwa ni mtu wa kuondolewa. Ndani ya Kituo cha Mvua kulikuwa na msaliti, na wakubwa walikwisha kumtaja: Mhandisi Lo Ching-fa.

Saa sita hiyohiyo, kompyuta zote za kituo zingewekewa mfumo endeshi mmoja mpya. Zilikuwa kompyuta ndogo, dhaifu, zilizounganishwa ili zipige hesabu za mvua kwa nguvu moja. Mfumo mzito ungekula kumbukumbu yao yote kabla hawajahesabu hata tone. Ulitakiwa mwepesi. Na mtu aliyepenyeza mfumo wake humo angeweza kuzinyamazisha siku yoyote aliyotaka.

Kimbunga kilikuwa baharini, kinasogea. Kule bonde la Laonong, chini ya mlima, aliishi shangazi yake Hsiu-chin, aliyemlea tangu akiwa ananyonya. Bibi huyo hulala na simu kando ya kichwa, akingoja onyo la kituo.

Simu isipolia, mlima ungeporomoka na kumkuta kitandani.

Hsiu-chin aliegesha pikipiki. Nguo zake zilikuwa za fundi wa viyoyozi. Kwapani, bastola ya Walther. Mkononi, kamera ya Flir inayoona joto.

Mzee mfupi alimpokea mlangoni.

"Wewe ndiye fundi? Mbona huna koti, binti yangu? Humo ndani ni barafu tupu!"

"Nimezoea, Mzee."

"Umezoea nini? Vaa!" Alikwisha kuvua koti lake na kumvika. Mfukoni mlikuwa na mkate wa mvuke, bado wa moto. "Huo nao kula. Mimi daktari amenikataza."

Tumbo la mzee likanguruma kwa njaa.

Huyu ndiye Lo, Hsiu-chin akawaza. Na ni mwongo. Anayedanganya kwa mkate atashindwa kudanganya kwa makubwa?

Akaula nusu, nusu akaiweka.

Chumba cha seva kilivuma. Makabati matatu yalisimama mbele, kila moja likijaribiwa mfumo wake, na juu ya kila kabati pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi, kama ilivyo kisiwani kote: kijani, haijafunguliwa, haijapitwa na tarehe. Watu huamini kwamba mashine hutulia zikiwa nayo, kama watoto walioshiba.

Hsiu-chin aliinua kigae kimoja cha sakafu karibu na mlango, akamulika tochi hewa baridi inakopita.

"Shimo hilo, binti," Lo akasema. "Usije ukanivunjia mtu mguu."

"Nitalifunika, Mzee."

Hakulifunika.

Kando ya kabati la tatu alisimama mgeni mrefu mwenye suti ya kijivu. Anton Revik, mshauri kutoka ng'ambo. Ndiye aliyeleta mfumo wa tatu, Manyoya.

"Karibu uone maajabu, dada," Revik akasema.

Lo alionyesha skrini kwa kidole. "Huu wa kwanza unakula kama bwana harusi. Wa pili, Mkokoteni, unakula kama mkwe aliyekuja mara ya kwanza, kidogo na kwa adabu. Huu wa Manyoya hauli kabisa! Miaka yangu yote sijaona mfumo mwepesi hivi."

"Asiyekula nyumbani, Mzee, huenda anakula kwa jirani."

Lo akacheka. "Unasema kama mke wangu."

Revik hakucheka.

Hsiu-chin aliona. Akaona pia jinsi Lo alivyojiweka mbele ya kabati la tatu, kama kuku anayekinga vifaranga. Mmoja hacheki, mwingine analinda. Nani?

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, shangazi yake hupenda kusema. Lakini usufi au mawe, mzigo hauelei hewani. Yuko anayeubeba.

Akainua Flir. Nyaya, sawa. Feni, sawa. Akapandisha kamera juu ya kabati la tatu.

Pakiti ya kijani ikawaka nyekundu.

Vitafunio, ndani ya chumba cha barafu, vina joto?

Akanyoosha mkono.

"USIGUSE!"

Ni Lo. Upole wote umemtoka usoni. "Hiyo haiguswi! Unataka mashine zinune siku ya leo?"

Mkono wa Hsiu-chin ukateleza hadi kwapani. "Nani aliiweka hapo?"

"Mimi! Kwa mkono wangu!"

Saa ikanong'ona kwenye kifundo cha mkono. "Komba, mwaga. Sasa."

Kila kitu kilimwelekea mzee. Hsiu-chin alishika mpini wa bastola. Koti alilovaa lilikuwa bado na joto la mwenyewe.

"Uliinunua wapi, Mzee?"

Lo alishusha sauti, macho yakimwendea mgeni kwa haya. "Sikuinunua. Bwana Revik alinipa zawadi, kwa mikono miwili. Mgeni mzima, amejifunza desturi zetu! Nilifurahi nusura nilie. Sasa uishushe mbele yake, nimwaibishe?"

"Mzee ana haki," Revik akasema upesi. "Desturi ni desturi."

Upesi mno.

Mezani palikuwa na bati la keki za nanasi, za kusherehekea baadaye. Hsiu-chin akazimwaga keki mezani. Akainamia kabati. "Niwieni radhi, wanangu." Akaitwaa pakiti, akaitia ndani ya bati, akakandamiza mfuniko.



Kisha mstari wa ulaji wa Manyoya ukaanza kupanda kwenye skrini. Ukapanda. Ukapanda. Kompyuta moja ikazimika. Ya pili ikafuata. Kengele ikalia.

"Inakufa!" Lo akapiga kelele.

"Haifi, Mzee. Mbebaji wake nimemfungia kwenye bati. Sasa inaubeba mzigo wake wenyewe."

Revik alichomoka kuelekea mlangoni. Bastola ya Beretta ilikuwa mkononi mwake, macho yake nyuma, kwa Hsiu-chin.

Fundi yeyote wa chumba cha seva hutazama chini anapokaribia mlango.

Revik alitazama nyuma.

Mguu ukazama hadi pajani. Risasi ikatoboa dari. Hsiu-chin alimfikia kwa hatua mbili, akaipiga teke Beretta, akamfunga pingu.

"Nilisema shimo lile litavunja mtu mguu," Lo akanung'unika.

Hsiu-chin akaichana pakiti. Juu, vitafunio vichache vya kudanganyia. Chini yake, kompyuta ndogo kama kiberiti, taa yake ikipepesa, ikitafuta wenzake.

"Iliubeba mzigo wa Manyoya kwa mawimbi ya redio, nayo hayapenyi bati," akasema. "Na mlango wa siri wa kuingilia umo humuhumo. Huyu na waliomtuma walijua hakuna mtu wa kisiwa hiki atakayeigusa."

Lo akakaa sakafuni. "Nami kila asubuhi naipangusa vumbi."

"Ulipokea zawadi, Mzee. Aibu ni ya aliyeitoa." Akamwekea mkononi nusu ya mkate. "Kula. Na huyo daktari usinidanganye tena."

Kisha akasema kwenye saa: "Maziwa yamemwagwa. Ila kikombe sicho mlichonitajia."

Saa sita ilikuwa inakaribia. Lo akainuka, mkate mdomoni, akayatazama makabati mawili yaliyobaki.

"Mkokoteni," akasema. "Si mwepesi wa kushangaza. Lakini kila unachokula nakiona."

Akabonyeza. Kompyuta zote zikavuma pamoja.

Hsiu-chin alipoanza kuvua koti, mzee alimzuia. "Utalirudisha siku ukija kunywa chai."

Nje mvua ilishaanza. Vijana wa kazi walimpakia Revik garini. Walikuwa wakifunga mlango simu ya Hsiu-chin ilipolia.

"Wee Hsiu-chin! Hiyo simu yenu ya mvua imenipigia makelele mpaka nimemwaga uji! Ati wote tupande shuleni juu!"

"Basi panda, shangazi."

"Na kuku wangu?"

"Panda nao."

Alikata simu, akafunga koti la Mzee Lo mpaka shingoni, akawasha pikipiki, akaingia mvuani bila kugeuka.