Ulimi wa Mpiga Tarumbeta

Mzee Pumzi alipiga tarumbeta kwenye bendi kwa miaka thelathini na minne. Jina la Pumzi alipewa na mashabiki. Aliweza kushikilia sauti moja mpaka wacheza dansi wakaanza kumwonea huruma. Mkewe alikuwa muuza tiketi wa ukumbi ule ule. Alimpenda kwa kusikia tarumbeta tu, kabla ya kumwona sura, kwa sababu dirisha la tiketi lilitazama barabarani, na jukwaa lilikuwa nyuma ya ukuta. Mpaka leo mumewe humwita Tiketi, naye huitika.

Ukumbi ule sasa ni ghala la saruji. Wanabendi waliobaki hai ni wawili. Lakini kila jioni kabla ya chakula, Pumzi alikaa karibu na dirisha la sebuleni akapiga nyimbo mbili za zamani. Tiketi aliweka kisu chini, akaacha vitunguu, akasikiliza. Usiwacheke. Hata wewe ukizeeka utatamani kuwa kijana kwa dakika kumi.

Kisha Pumzi akateleza kwenye ngazi, akavunjika mguu chini ya goti. Hospitali walimtia chuma. Kidonda kiliingia bakteria, wakafika mpaka kwenye mfupa. Daktari alimpa vidonge vya antibayotiki, asubuhi na jioni, kwa miezi minne. Alisema wazi kwamba akiacha katikati, bakteria watapata nguvu upya, na mguu unaweza kukatwa. Maneno hayo yalimkaa Tiketi moyoni. Kila kidonge alikileta mwenyewe, pamoja na glasi ya maji.

Mwezi wa tatu tarumbeta ilinyamaza. Pumzi alilalamika kwamba mdomo unawaka moto na chai haina ladha. Ulimi wake ulikuwa na utando mweupe, kama maziwa yaliyoganda. Aliona aibu. Akadhani ni uchafu, basi akausugua kwa mswaki mpaka ukatoa damu. Akasukutua kwa dawa kali ya kinywa, ile inayotoa machozi. Ulimi ukazidi kuuma.

Tiketi naye alikuwa na mshitakiwa wake. Alisema ni tarumbeta tu, shaba kuukuu imemtia sumu mdomoni. Akaifungia kwenye sanduku lake, akaliweka nyuma ya kochi. Pumzi hakubisha hata kidogo. Hapo Tiketi alipaswa kushtuka, maana mzee huyu hubishia hata saa ya ukutani.

Jumamosi moja Tiketi alikuwa anafagia sebuleni. Alilitazama lile sanduku, akaikumbuka sauti, akashindwa kujizuia. Alitaka kuishika tarumbeta tu, basi. Alipoiinua, vidonge vilidondoka kutoka ndani yake. Vilikuwa tisa, vyote vya mguu, ambavyo mzee alijifanya amevimeza.

Alimfuata mumewe chumbani na vidonge mkononi. Pumzi aliviona, akainamisha kichwa.

"Vinaniharibia mdomo," alisema. "Nikiviacha, mdomo utapona."

"Na mguu je?"

"Tarumbeta inapigwa kwa mdomo, Tiketi. Mguu wa nini?"

Tiketi alihisi hasira, na chini ya hasira kulikuwa na hofu kubwa. Alijitupia shuka mabegani, akaenda nyumba ya pili kumwita Mama Mswaki. Huyo ni tabibu wa meno katika kituo cha afya. Jina hilo alipewa na watoto wa shule anaowafundisha kupiga mswaki, na ameshalizoea.

Mama Mswaki alikuja na tochi na kitambaa safi. Aliufuta ule utando taratibu. Chini yake nyama ilikuwa nyekundu.

"Huu si uchafu, wala si sumu ya shaba," alisema. "Hawa ni fangasi. Mzee, ukumbi wenu ulipojaa watu, mkorofi alipata nafasi ya kufanya fujo?"

"Hakupata. Alibanwa hukohuko mlangoni."

"Basi kinywa ni hivyo hivyo. Kimejaa bakteria, na wengi wao ni wema. Wamekaa kwenye nafasi zao, na fangasi wachache wamebanwa. Antibayotiki inaua bakteria wabaya wa mfupa, lakini haichagui. Ukiitumia muda mrefu, hata wale wema wa kinywani wanapungua. Lakini fangasi haiwagusi hata kidogo. Wanakuta ukumbi mtupu, wanajitanua."

Pumzi aliuliza kama basi aache vidonge. Mama Mswaki alimkazia macho. Akasema vidonge visiachwe bila daktari, kwa sababu fangasi wana dawa yao, watatibiwa huku mguu nao ukiendelea kutibiwa. Ile dawa kali ya kusukutua ndiyo ya kuacha, maana inachoma kidonda na kuwamaliza hata bakteria wema waliobaki. Kisha akauliza tarumbeta ilioshwa lini kwa mara ya mwisho. Pumzi akatazama dari. Tiketi alicheka, ingawa hakupanga kucheka.

Keshokutwa yake, Jumatatu, walikwenda kituoni. Pumzi alipimwa sukari pia, kwa sababu nayo huleta fangasi. Hakuwa nayo. Alipewa dawa ya maji ya kuzungusha mdomoni mara nne kwa siku, baada ya kula. Alinunua mswaki mpya laini. Ile sehemu ya tarumbeta inayogusa midomo ilioshwa kwa sabuni na maji ya vuguvugu, ikakaushwa, na tarumbeta haikupigwa mpaka ulimi ulipopona. Daktari wa mifupa aliambiwa ukweli wote juu ya vile vidonge tisa. Alimgombeza, akamwongezea siku za dawa, akamkataza kumeza viwili kwa mpigo kufidia.

Baada ya wiki mbili ulimi ulikuwa safi na chai ina ladha. Mama Mswaki alisema bakteria wema watarudi polepole dozi ya mguu ikiisha. Dozi iliisha. Picha ya mfupa ikaonyesha umeunga vizuri.

Jioni hiyo Pumzi alipiga wimbo mmoja. Pumzi zilimwishia katikati.

"Nisamehe," alisema. "Niliona hata wakiukata mguu, nitapiga nimekaa."

"Na mimi ningecheza na nani?" Tiketi aliuliza. "Miaka yote ile wewe jukwaani, mimi dirishani. Hatujawahi kucheza hata wimbo mmoja."

Pumzi aliiweka tarumbeta kwenye kochi, akamshika mkono. Walicheza pale sebuleni bila muziki wowote. Mguu wenye chuma ulichelewa kila hatua, na kila hatua Tiketi aliungoja.