Chiriku na Siri ya Dada

Kila asubuhi Chiriku alideki sebule huku dada yake akipasha chai, kisha walitoka pamoja hadi njia panda, mmoja akielekea shuleni na mwingine chuoni. Jina la Chiriku alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Dada alikuwa akisomea uuguzi, mwaka wa pili, na zamani walicheka njia nzima.

Muhula huu mambo yalibadilika. Dada alijifungia na vitabu, chakula alikigusagusa tu, na ukimsemesha alikuwa mkali. Kisha Chiriku akaanza kumsikia akitapika bafuni kila siku yenye mtihani. Alipomuuliza, dada alimshika mkono akamwomba asimwambie mama. Mama alikuwa fundi cherehani, kutwa nzima ameinamia nguo za watu, na dada hakutaka kumwongezea mzigo. Chiriku alikubali. Kwa mtoto kama yeye, kunyamaza kulikuwa kazi ngumu kuliko kudeki.

Asubuhi ya mtihani wa vitendo, harufu ya kuungua ilijaa chumbani. Dada alikuwa ameisahau pasi juu ya sare yake nyeupe. Aliketi sakafuni, akihema kama mtu aliyetoka mbio.

"Siendi tena chuoni," alisema. "Nimesoma yote, na kichwani hamna kitu."

Chiriku alichomoa pasi kwenye umeme. Alijua ameahidi kunyamaza, lakini alivyomwona dada, aliogopa. Alikimbia hadi kibanda cha mama mwisho wa mtaa, akamweleza kila kitu kwa mkupuo mmoja. Mama alisimamisha cherehani katikati ya mshono, akafunga kibanda huku wateja wakimtazama.

Alipofika nyumbani hakufoka. Aliketi sakafuni karibu na binti yake mpaka pumzi zikatulia, kisha wote watatu wakaenda chuoni kwa mshauri wa wanafunzi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Mshauri alimuuliza dada ni lini mara ya mwisho alikula akashiba, ni lini alilala vizuri. Dada alisema hakumbuki. Ndipo mshauri akawaeleza kuhusu msongo wa mawazo. Wasiwasi kidogo humwamsha mtu na kumfanya ajiandae. Ukizidi na kukaa muda mrefu, mwili huchoka, tumbo huvurugika na akili hukataa kukumbuka. Si uvivu, wala si ujinga.

Walipanga pamoja: asome kidogo kidogo badala ya kukesha, ale kabla ya kutoka, atembee jioni, asome na wenzake, na avute pumzi taratibu moyo unapoanza kwenda mbio. Mshauri alizungumza na walimu, na dada akaruhusiwa kufanya mtihani pamoja na kundi la mwisho.

"Hata mimi nipunguze," mama alisema, akitazama chini. "Kila mteja namwambia muuguzi wangu atakuwa wa kwanza darasani. Nilidhani nakutia moyo, kumbe nakutwika."

Mtihani wa vitendo dada aliufaulu. Somo moja lilimshinda, akalirudia. Tumbo lilimsumbua tena mara mojamoja, ila sasa alimwambia mama.

Aliyebaki na wasiwasi alikuwa Chiriku. Jioni moja, akikunja vitambaa pamoja na mama, aliuliza kama dada bado amemkasirikia kwa kuvunja ahadi. Dada alikuwa mlangoni, akasikia.

"Nilikuwa nangoja mtu anisemee," alisema, akaja kuketi kando yake.

Mama aliweka kitambaa chini. "Mwanangu, ipo siri ya kutunza, kama zawadi unayomwandalia mtu. Lakini siri inayomfanya mtu aumie peke yake, usiibebe. Mpelekee mtu mzima unayemwamini. Na siku ukiumia wewe, usingoje kusemewa. Sema mapema."