Mikebe Miwili ya Maca

Eugène hununua maharagwe kijijini Marabo na kuyauza sokoni Bunia. Kwa miaka kumi alijulikana kwa mgongo wake: gunia zima, mara moja, bila kupumzika njiani. Lakini tangu mvua zilizopita, ikifika saa tano asubuhi alikuwa ameshakaa juu ya magunia yake. Anakunywa maji, anaenda msalani, anarudi, anakunywa tena. Wenzake walimtania kwamba amekuwa bosi.

Nyumbani kwake, mtaa wa Ngezi, hakuna aliyetania. Eugène alirudi amechoka, akala, akalala akigeukia ukuta. Mkewe Emérance alihesabu wiki, kisha miezi. Ilimuuma sana moyoni. Alifikiri mumewe hamtaki tena. Eugène naye alikuwa na hofu yake: mwili haukumtii chumbani, na alikuwa tayari kubeba magunia mawili kuliko kulitaja jambo hilo.

Siku moja muuza dawa alisimama sokoni na kipaza sauti. Alisifu unga wa maca, mzizi wa ng'ambo, akaapa kwamba unarudisha nguvu za mwanamume kwa wiki mbili. Kwa kuwa ladha yake si ya kupendeza, alishauri watu wautie sukari nyingi au asali. Eugène alinunua mkebe mmoja, akauficha ndani ya gunia la maharagwe nyumbani. Kila asubuhi aliukoroga kwenye chai yake kwa siri, pamoja na vijiko sita vya sukari.

Hakujua kwamba Emérance alimsikia muuzaji yuleyule. Yeye pia alinunua mkebe, akauficha chini ya nguo za binti yao. Kila alfajiri aliutia unga kwenye uji wa mumewe, na asali juu yake, nyingi, ili asigundue. Basi mtu mmoja akawa anatibiwa mara mbili bila kwenda kwa muganga wa hospitali hata mara moja.

Wiki mbili zikapita, na ya tatu. Eugène alikonda. Kiu ilizidi. Macho yakaanza kuona ukungu.

Jumapili moja jirani yao Régine, muuguzi wa kituo cha afya, aliwapitia ili waende kanisani pamoja. Alliance, binti yao wa miaka minane, alikuwa akitafuta gauni lake. Akaukuta mkebe. Akauliza mbele ya wote kwa nini mama ana mkebe kama ule wa baba ulio ndani ya gunia.

Mume na mke walitazamana kwa aibu. Régine hakucheka. Alimtuma Alliance atangulie kanisani, akaiweka mikebe yote miwili mezani, akamuuliza Eugène habari za uchovu, kiu na mkojo. Kisha akawaeleza.

"Maca si sumu," alisema. "Njo chakula. Inaota kule Peru, Amerika ya Kusini, juu ya milima ya baridi. Batu ba kule banaikausha na kuipika, banakula sawa vile siye tunakula viazi. Iko na chuma, iko na protéine kidogo. Tangu zamani banasema inaleta nguvu na uzazi. Lakini baganga bamepima ile maneno kidogo tu, habajapata hakika. Haiponeshe ugonjwa."

Aliongeza kwamba mama mjamzito au anayenyonyesha afadhali aiache, maana usalama wake kwao haujulikani vizuri. Mwenye goita, ule uvimbe wa shingo, aulize kwanza kwa muganga, hasa kama anataka kuila mbichi. Halafu akamgeukia Eugène.

"Papa Alliance, miye naogopa ile sukari na asali. Kesho asubuhi uje santé, pale kituoni kwetu, mbele ya kula."

Jumatatu walikwenda wote wawili. Eugène alichomwa kidole, na sukari ya damu yake ilikuwa karibu mara tatu ya kawaida. Ni diabète, ugonjwa wa kisukari, waliambiwa. Ndiyo iliyoleta kiu, uchovu, na hata ule udhaifu wa chumbani. Eugène aliinamisha kichwa, lakini moyo wake ulitulia kidogo. Jambo lililomtesa lilikuwa na jina, na lilikuwa na dawa.

Njiani Emérance alisema, "Nilizania umepata mwanamuke mwingine."

"Na miye nilizania utaniacha."

Kisha Eugène akasema kwamba ule uji, hata hivyo, ulikuwa mtamu. Emérance akacheka mpaka akasimama.

Sasa Eugène anameza vidonge kila siku na kupimwa kila mwezi. Chai yake haina sukari. Fufu ni kidogo, maharagwe na mboga za lengalenga ni nyingi, na jioni anatembea kwa miguu kutoka sokoni. Baada ya miezi minne sukari imeshuka. Macho yanaona vizuri, na gunia linarudi mgongoni.

Mkebe mmoja sasa una chumvi. Wa pili una vidonge vya Eugène, na uko juu ya kabati, karibu na redio, mahali ambapo kila anayeingia anauona. Eugène hafichi tena kitu. Na akilala, hageukii ukuta.