Siku Bunge Lilipoicheka Sarakasi

"Mama Selina, tangu lini watu wakala sarakasi?"

Mzee Bonifasi, jirani yangu, aliniuliza hivyo jioni moja akiwa mlangoni kwangu. Ulikuwa mwezi wa saba, mwaka 1971. Nilikuwa napepeta mtama. Nikauweka ungo chini.

"Sijakuelewa, mzee."

"Natoka kusikiliza habari za Bunge. Serikali inataka kuwafundisha vijana sarakasi. Mbunge mmoja akauliza, tukivuna samasoti tutazila na mboga gani? Bunge zima likacheka. Basi, yamekwisha. Wamekataa."

Binti yangu Selina alikuwa katika kikundi cha sarakasi cha kijiji chetu, Issuna. Jumamosi walitakiwa Manyoni, maofisa wachague vijana wa kwenda kufundishwa Dar es Salaam. Mimi ni mjane, na ni mtu wa kanisa. Sikupenda binti yangu aonekane mapaja. Kwa hiyo nilimshonea suruali ndefu kwa shuka jeupe la marehemu baba yake.

"Mwanangu Alute haendi," mzee alisema. "Simtoi shambani akafanye kitu ambacho wakubwa wanakicheka."

Katika kikundi, Alute ndiye aliyekuwa akisimama chini. Selina alikuwa akipanda mabegani mwake. Bila Alute, Selina angepanda wapi? Nikamwambia Selina kwamba naye haendi. Hakubisha. Aliikunja suruali, akairudisha sandukuni, akakataa kula.

Asubuhi nilikwenda kwenye darasa la watu wazima. Huwa namsaidia mwalimu Felista kuwashika mkono wanaoanza kuandika. Nikamweleza yote.

"Mama, mzee alisikiliza mpaka mwisho?" aliuliza.

"Sidhani. Yeye huzima redio mapema, betri zisiishe."

"Basi amesikia swali, hajasikia jibu. Mbunge mmoja akisema, hayo ni maneno yake. Ni kazi yake kuuliza mali ya wananchi inakwenda wapi. Waziri lazima amjibu. Halafu wabunge wote wanaulizwa, mnakubali au mnakataa? Hapo ndipo Bunge limeamua."

"Lakini walicheka, mwalimu."

"Kwenye msiba wa baba Selina, watani zenu walifanya nini?"

Nilikumbuka, nikatabasamu. "Walimcheka marehemu. Walisema ni mvivu, amelala wakati wa palizi."

"Na kaburi alichimba nani?"

"Wao."

Felista aligeuka. Akaendelea kufuta ubao.

Jioni mimi na Felista tulikwenda kwa mzee Bonifasi kusikiliza jibu. Betri alikuwa amezianika juani mchana kutwa, kando ya mtama, zipate nguvu. Akawasha redio. Sauti ikatoka, nyembamba lakini safi.

Mjadala wa jana ulikuwa unaendelea, na waziri alikuwa anajibu. "Mheshimiwa aliuliza habari ya mboga. Mimi namwomba asimame juu ya mabega ya jirani yake hapo alipo. Asipoanguka, mboga nitaleta mimi."

Kicheko kikajaa redioni. Mzee Bonifasi akanyoosha mkono kuzima.

"Iache kidogo, mzee," Felista alisema.

Mkono ukabaki hewani. Waziri akaeleza kwamba ngoma na michezo ni mali ya taifa, na kijana hawezi kuimudu bila mwalimu na mahali salama pa kujifunzia. Kisha yule mbunge mcheshi akasema, "Nimejibiwa, naunga mkono." Wabunge wakaulizwa. "Ndiyo" yao ilivuma kama mvua inapoanza kupiga mabati.

Nywele zilinisimama. Watu wale walikuwa mbali kiasi gani na nyumba hii ya tembe? Walikuwa wamekaa wanamzungumzia mwanangu, bila kumjua jina.

"Kumbe wanataniana tu," mzee alisema polepole. Akageuka. "Alute, Jumamosi uamke mapema."

Manyoni nilikwenda nami. Alute alichutama. Selina akapanda mabegani mwake, kibuyu cha maji kichwani, na Alute akainuka. Selina akafungua mikono. Suruali nyeupe ilipepea, na maji hayakumwagika hata tone. Nilimwogopa mtoto niliyemzaa mwenyewe. Niliinamisha kichwa, nikamshukuru Mungu.

Wote wawili walichaguliwa.

Mwaka uliofuata, jioni moja, nilikuwa tena kwa mzee Bonifasi. Redio ikasema vijana wa sarakasi wamecheza mbele ya wageni wa taifa, na watu wamesimama kuwapigia makofi. Walitajwa Selina na Alute wa Issuna.

"Umesikia, mzee?" nilimuuliza. "Na shamba la Alute litalimwa na nani sasa?"

Mzee Bonifasi alisimama. Alichukua jembe nyuma ya mlango, akatoka kuelekea shambani. Redio aliiacha inaongea.